Mkono wa Satchel Paige

Kwenye Out of the Park Baseball hushiki gongo wala mpira. Wewe ni meneja tu: unasajili, unauza, unapanga nani arushe leo. Nimecheza gemu hii miaka kadhaa, na hakuna kinachoniumiza kichwa kama warushaji waliozeeka.

Mrushaji ndiye humtupia mpira mshika gongo, na mkono wake ndio mtaji wa timu. Gemu humpima kwa mambo kama ukali wa mipira yake, inavyopinda hewani, na shabaha. Akishapita miaka 35 hivi, kasi ndiyo hutangulia kuaga, shabaha hukawia. Kwa hivyo mzee simwachi ghafla. Nampa mkataba wa mwaka mmoja, simwanzishi mechi, namwingiza mwishoni arushe awamu moja au mbili kati ya zile tisa. Akifika 40, tunaagana. Namba hazina urafiki.

Lakini nikicheza misimu ya zamani, 1948 hunisimamisha. Tarehe 7 Julai mwaka huo, Cleveland ilimsajili Satchel Paige siku aliyotimiza miaka 42. Kuna waandishi waliosema ni kiki tu ya mwenye timu, Bill Veeck, ati anataka kuuza tiketi. Paige akashinda mechi 6, akapoteza 1, na Cleveland ikatwaa ubingwa.

Sasa, mtu anaanzaje ligi kuu akiwa 42? Si kwamba alichelewa. Alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1906, na kufikia 1926 alikuwa analipwa kurusha. Ila ligi kuu za Marekani ziliwafungia watu weusi mlango tangu karne ya 19 hadi Jackie Robinson alipoingia Brooklyn mwaka 1947. Miaka ambayo mkono wa Paige ulikuwa moto kabisa, aliitumia kwenye ligi za weusi na ziara za mji hadi mji. Mwaka 1938 mkono ukaumia akiwa Mexico. Aliporudi aliongeza ujanja: kubadilisha pembe, kusita katikati ya mwendo, kumchanganya mpigaji. Yaani Cleveland ilipata mabaki, na mabaki yenyewe yalikuwa moto.

Septemba 1965, Kansas City ilimrudisha uwanjani kwa usiku mmoja akiwa na miaka 59. Alirusha awamu tatu, na Boston haikupata hata pointi moja. Kwenye timu yangu angekuwa ameachwa miaka 19 kabla ya usiku huo.

Skrini hunionyesha umri wa mchezaji. Hainiambii nani alimzuia miaka 20 iliyotangulia. Hata wenye mchezo wamechukua muda kulikubali hilo: ligi za weusi za 1920 hadi 1948 zilitambuliwa kuwa ligi kuu Desemba 2020, na takwimu zake zikaingizwa kwenye rekodi rasmi mwaka 2024. Paige alifariki 1982, kwa hivyo hakuuona ukurasa wake ukisahihishwa.