Kobe wa Papert na Watoto wa Gisimenti

Walimu wengi wa Kiswahili huyahesabu mambo ya kompyuta kuwa ya wenzao wa hisabati. Sisi tunaofundisha karibu na Gisimenti, mjini Kigali, tulikuwa na fikira hiyo hiyo mpaka tulipoichungulia historia yake.

Mwaka 1967, huko Marekani, Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig walibuni lugha ya kompyuta iitwayo Logo. Kwa lugha hiyo mtoto humwamuru kobe aende mbele, ageuke kulia, arudie tena, hata mraba ukachoreka. Mwalimu wa sarufi hatakawia kutambua kwamba hiyo ni hali ya kuamuru, somo letu la siku zote.

Kobe huyo alifika Rwanda ndani ya vikompyuta vya kijani na nyeupe vya mpango wa One Laptop per Child, ulioanza hapa mwaka 2008; katika miaka iliyofuata vikagawiwa zaidi ya 200,000. Ila mwaka huo huo iliamuliwa kwamba Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Mtoto akakabiliwa na chombo kigeni na lugha ngeni kwa mpigo mmoja. Tumewaona wenye akili kali wakikwama, na kilichowakwamisha ni neno tu.

Mwaka 2007 wafuasi wa Papert katika chuo cha MIT, wakiongozwa na Mitchel Resnick, walikuwa wameshatoa Scratch, ambamo amri hupangwa kama matofali. Leo hupatikana bure katika intaneti, kwa Kiswahili pia. Nacho Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Mlango uko wazi, lakini ni wangapi kati yetu walioupita? Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutoa programu ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, wala hawakungoja kuombwa.

Muhula uliopita tulijaribu bila mashine yoyote. Uwanjani mwanafunzi mmoja alikuwa kobe, wengine wakamwamuru. Msichana mmoja, akilifikiria neno la Kinyarwanda *subiramo*, yaani rudia, alipaza sauti: “Subiri mara nne!” Kobe akasimama tuli, akingoja.