Kwinoa: nafaka ya majani mapana

Shangazi yangu wa Dutumi, Kibaha, alichota punje chache kwenye pakiti niliyotoka nayo Dar es Salaam, akaziweka kiganjani na kuzisukumasukuma kwa kidole gumba. "Mwanangu, hizi si mbegu za mchicha?" Nilikuwa nimejiandaa kumsimulia habari za Peru na Bolivia. Simulizi ikanikwama, maana shangazi alikuwa amepatia kuliko maandishi yaliyokuwa kwenye pakiti. Pale palikuwa pameandikwa kwamba kwinoa ni nafaka, basi.

Jina lenyewe halinisumbui sana. Limetoka kwa Wakechua wa milima ya Andes, ambako mmea huu umelimwa kwa maelfu ya miaka, hasa kandokando ya ziwa Titicaca. Wahispania wakaliandika kwa herufi zao, likasambaa. Umoja wa Mataifa uliupa mmea huu mwaka mzima, 2013, na tangu hapo jina limezidi kuzunguka dunia. Wenzetu waliokaa Ulaya hulitamka "kinwa", karibu kabisa na Wakechua wenyewe, ila Mswahili wa Mombasa anayesema "kunwa maji" atasikia mdomo, yaani kinywa. Wengine huandika "kinoa", nalo linanukia kunoa kisu. Kinoo tunacho tayari. Limebaki "kwinoa". Linatamkika bila taabu, kama kwikwi, na lina kasoro moja tu ya kuchekesha: kw- ya mwanzo inalifanya lifanane na kitenzi, na nimeshasikia mtu akisema "kwinoa kwangu kumeungua". Tuseme kwinoa yangu imeungua, tuendelee.

Kazi iko kwenye jina la kundi. Kwa mtaalamu wa mimea, nafaka ni mbegu za jamii ya nyasi: mtama, uwele, mahindi, mpunga, ngano. Kwinoa si nyasi. Ni ndugu wa mchicha, spinachi na bitiruti, wote familia moja. Tunaisaga, tunaipika na kuila kama nafaka, lakini shambani ina majani mapana. Wazungu walipotafuta jina la mbegu za namna hii walichukua kiambishi cha Kigiriki chenye maana ya uongo wakakibandika kwenye neno la nafaka. Watafsiri wetu wakifuata njia hiyo hufika kwenye "nafaka bandia", na hapo mimi naweka kalamu chini. Kwa Kiswahili cha leo bandia ni noti, ni vidonge, ni vipuri vya pikipiki. Mama anayetafuta lishe ya mwanawe ukimwambia nunua nafaka bandia, atakuuliza halisi iko duka gani.

Wanaistilahi wetu, wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na wa iliyokuwa TUKI, sasa TATAKI, wamezoea kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kubisha hodi ugenini. Hapa hatuhitaji hata kufika mbali. Mwenye duka la pembejeo akikuuzia dawa ya palizi anakuuliza: magugu yako ni ya majani membamba au majani mapana? Mkulima anaijua tofauti hiyo, kwani akikosea dawa anaua zao badala ya gugu. Basi kwinoa ni nafaka ya majani mapana, pamoja na mchicha nafaka, ule ambao mbegu zake husagwa unga wa uji. Jina hili halisemi uongo kuhusu jamii ya mmea wala matumizi yake jikoni.

Siku ile kwa shangazi ilikuwa Januari, fukuto la kumfanya mtu auchukie moto wa jiko. Nilimwaga kikombe kimoja cha kwinoa kwenye chujio la chai lenye matundu madogo nikaisuuza. Maji yakatoka na povu. Shangazi akauliza kama waliifungasha pamoja na sabuni, na tena hakuwa mbali: ganda la punje lina kitu kichungu kiitwacho saponini, na neno hilo limetokana na jina la Kilatini la sabuni, ambalo ndilo lililopitia kwa Wagiriki na Waarabu mpaka likawa sabuni yetu. Ukiliacha povu lile, chakula kitakuwa kichungu. Nilisuuza mpaka maji yakatakata, nikaipika kwa vikombe viwili vya maji pungufu kidogo, dakika 15, kisha nikaiacha imefunikwa dakika tano. Kila punje ilifumuka na kuachia uzi mweupe uliojikunja, mfano wa mkia wa kiluwiluwi. Hicho ndicho kiini chake, na ukikiona ujue imeiva.

Nikaitandaza kwenye sinia na kuipepea. Kwa joto la Kibaha chakula kikifunikwa na moto wake kinachacha kabla ya magharibi. Kitunguu nilikifikicha kwa chumvi mpaka kikalegea, nikakisuuza na kukikamua. Nyanya niliitoa mbegu. Nikaongeza tango, embe dodo lililoanza kuiva, giligilani, korosho za kuchoma, kijiko cha mafuta ya alizeti na ndimu mbili. Ndimu iwe ya mwisho kabisa, watu wakiwa wameshanawa mikono.

Shangazi alikula, akanyamaza, akaongeza. "Kachumbari haishibishi," alisema, "na hiki kinashibisha. Kitafutie jina lingine." Nilimtajia saladi, neno ambalo asili yake ni Kilatini, chumvi, akaangalia bakuli la kitunguu na kucheka. Namwunga mkono: kachumbari, neno tulilolipata kutoka India, husindikiza pilau au nyama choma, lakini hakuna anayealikwa kuja kula kachumbari. Punje zikishakuwa ndizo chakula, ni saladi ya kwinoa.

Aliuliza kama mchicha nafaka ungefaa, maana bei ya pakiti ilimshtua. Haufai kwa saladi. Punje zake ni ndogo mno, ukichemsha zinashikamana kama uji. Mtama mzima unafaa zaidi. Ulale ndani ya maji usiku kucha, uchemke karibu saa moja, punje hubaki zimeachana na hutafunika vizuri.

Ombi langu ni kwa wanaohariri vitabu vya kilimo na lishe: andikeni nafaka za majani mapana, na neno bandia mliachie noti na vidonge.