Jinja na Mbale: Mitaa ya Katikati ya Mji na Maneno Yake

Tunapofundisha upatanisho wa kisarufi, huandika ubaoni "mafuta mengi". Mara nyingi hatukosi mwanafunzi, hasa atokaye mashariki mwa Uganda, anayetabasamu na kusema kuwa wazee wa kwao husema "mafuta mingi". Kisarufi, wazee hao wamekosea. Kihistoria, wametutajia sura nzima ya maisha ya miji yao. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa muhtasari jinsi mitaa ya katikati ya Jinja na Mbale ilivyojengwa, ilivyodhoofika, na jinsi wakazi walivyoishikilia isife.

Jinja ilikua mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria. Mwaka 1912 reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali ilikamilika, na pamba ikapata njia. Wafanyabiashara Wahindi walijenga maduka kando ya Main Street kwa mtindo mmoja: duka chini, makazi juu au nyuma, na mbele baraza yenye nguzo. Majengo kadhaa yana mwaka wa kujengwa ulioandikwa juu ya paji la nyumba, hata mpita njia anaweza kuisoma historia akitembea. Baadaye kilikuja kiwanda cha sukari cha Kakira mwaka 1930, na Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Jinja ikawa mji wa viwanda.

Mbale ina asili nyingine. Misafara ya watu wa pwani ilikwisha kufika Mumias na miteremko ya Mlima Elgon kabla ya utawala wa Waingereza, na Kiswahili kikafika nayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Semei Kakungulu, jemadari kutoka Buganda, alifanya makao yake hapo, akafungua barabara na kupanda miti. Wachuuzi wakafuata. Kahawa ya Bugisu ndiyo iliyoulisha mji, na mwaka 1954 wakulima waliunda Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu. Mbale ikasifiwa kote Afrika Mashariki kwa usafi wake.

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Maduka yao yaligawiwa wanajeshi na watu waliokuwa karibu na wakubwa. Waliogawiwa ndio walioitwa "mafuta mingi", yaani watu walionona ghafla. Wazee husimulia, kwa kicheko chenye uchungu, habari za mwenye duka mpya aliyedhani namba ya ukosi wa shati ndiyo bei yake. Bidhaa zilipokwisha rafuni, hakukuwa na za kuzifuatia. Ndipo neno jingine la Kiswahili likatawala: "magendo". Kwa kuwa Mbale haiko mbali na mpaka wa Kenya, kahawa ilivushwa usiku, na sabuni na chumvi zikarudi kwa njia hiyo hiyo. Maneno haya mawili, tunaona, yanaeleza uchumi wa miaka ya 1970 kuliko jedwali lolote la takwimu.

Jambo lililoiumiza zaidi mitaa hiyo halikuwa uhaba tu, bali swali la umiliki. Majengo yaliwekwa chini ya Bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka. Mpangaji hakuwa na sababu ya kupaka rangi nyumba ambayo angeweza kunyang'anywa kesho. Mwenye nyumba alikuwa ng'ambo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ufa haukuwa na mwenyewe. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurudisha mali hizo, na urejeshaji ukashika kasi katika miaka ya 1990. Baadhi ya wenyewe walirudi, wengine waliuza, na kesi zingine zilidumu miaka mingi.

Je, katika kipindi hicho chote nani aliyeutunza mji? Hapana budi tumtaje fundi cherehani. Duka lilipofungwa, yeye alibaki barazani na mashine yake, akigeuza kanzu na kushona sare za shule. Tuwataje pia akina mama wauza nyanya na matoke, na vikundi vyao vya kuchangiana fedha. Masoko makuu ya Jinja na Mbale yalipojengwa upya katika muongo wa 2010, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, jambo lililowashughulisha zaidi wauzaji halikuwa uzuri wa ghorofa. Lilikuwa orodha: nani ameandikwa, nani atarudi? Soko jipya bila wauzaji wake wa zamani ni jengo tu.

Vyuo navyo vina sehemu yake. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na tangu hapo wanafunzi kutoka nchi jirani wamepanga vyumba, wakala, wakapiga chapa kazi zao na kununua vitambaa mjini. Pamoja na fedha zao walileta Kiswahili cha Kenya na Tanzania kwenye kaunta za maduka.

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipewa hadhi ya jiji. Barabara zimetengenezwa na ardhi imepanda bei. Hata hivyo, hatari mpya imeingia. Jengo la zamani likibomolewa na kujengwa ghorofa yenye vijiduka vya ndani, baraza hupotea, na fundi cherehani hupotea nayo. Aidha, mafuriko ya Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika mjini Mbale na kuua watu, yalionyesha gharama ya mji kukua bila kusikiliza ardhi yake.

Lugha yetu ina neno moja, "baraza", kwa mahali pa kukaa mbele ya nyumba na kwa mkutano wa kuamua mambo. Haya si mambo mawili yaliyokutana kwa bahati. Watu waliamua mambo walipokuwa wameketi. Historia ya miji hii inatufundisha kuwa anayeketi barazani ndiye anayeutunza mtaa, basi naye apewe nafasi katika Baraza la Jiji mipango inapochorwa.

Kwa wanafunzi wetu tunatoa rai moja. Likizo ijayo, keti na fundi mmoja au muuzaji mmoja wa mtaani kwenu, umuulize nyumba ile ilikuwa ya nani, na iliitwaje. Andika maneno yake jinsi anavyoyatamka, na "mafuta mingi" usiyasahihishe.