Sura Bila Sauti: Uigizaji wa Barbara Steele

Aghalabu wahakiki wa filamu za kutisha humsifu Barbara Steele, mzaliwa wa Birkenhead, Uingereza (1937), kwa macho yake tu. Katika La maschera del demonio (1960) ya Mario Bava aliigiza wahusika wawili: Asa, mchawi aliyepigiliwa usoni kinyago chenye misumari, na Katia, msichana wa ukoo wake ambaye mfu huyo anataka kumnyonya uhai. Mtazamaji hana budi kuzitenganisha nafsi hizo kwa mwendo na mtazamo pekee, kwani sauti si ya Steele. Filamu za Italia wakati huo zilitiwa sauti studioni, na maneno yake yakasemwa na wengine. Hilo laeleweka. Lakini The Pit and the Pendulum (1961) ya Roger Corman ilitengenezwa Marekani, kwa Kiingereza, lugha yake ya kuzaliwa. Humo pia sauti yake iliondolewa, lafudhi ya kwao ikidaiwa kutolingana na ya wenzake. Kumsifu kwa sura peke yake, basi, ni kuuhalalisha unyang'anyi huo. Baadaye aligeukia utayarishaji, na War and Remembrance, tamthilia ya televisheni aliyoshiriki kuitayarisha, ikatuzwa Emmy mwaka 1989.