Soko la muda la miaka 37

Wadau, nimekuwa kimya kwa wiki tatu. Walioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa kimyakimya, jibu ni hapana kwa yote mawili. Nilikuwa Sevilla, kusini mwa Hispania, kwenye semina ya waandishi wa habari vijana. Semina yenyewe sitaizungumzia, ilikuwa kama semina nyingine zote: chai, hotuba, chai. Ninachotaka kuwasimulia ni masoko.

Mgeni wa Sevilla hupelekwa kanisa kuu, akapelekwa kasri la Alcázar, na jioni akakalishwa mahali atazame flamenco. Nami nilipelekwa, sikatai. Lakini mimi nimesomeshwa kwa pesa za nyanya na vitunguu. Mama yangu alikuwa na meza kwenye soko moja la Dar es Salaam, na mwaka 2008, nikiwa shule ya msingi, yeye na wenzake waliambiwa wapishe ujenzi kwa muda wa miezi sita. Walihamishiwa kando ya barabara, hakuna choo, hakuna bomba. Miezi sita ikawa miaka minne, mama akachoka, akaanza kuuzia nyumbani. Kwa hiyo nikifika mji wowote huwa naulizia soko, tena siyo lile la kwenye kadi za posta. Naulizia lile analokwenda mama mwenye nyumba na kikapu chake. Watu wa Sevilla hawasemi hata "soko", wanasema wanakwenda "plaza".

Nilianzia mtaa wa Feria, kaskazini mwa mji wa kale. Soko lake ni la tangu karne ya 18, kongwe kuliko masoko yote ya chakula yanayofanya kazi mjini humo, na limebanana na kanisa la Omnium Sanctorum kiasi kwamba padri akifungua dirisha nadhani ananusa samaki. Ndani utakuta dagaa wabichi, ngisi, papa wadogo wanaolazwa kwenye siki na viungo kabla ya kukaangwa, zeituni za kila saizi, na miguu ya nguruwe iliyokaushwa ikining'inia juu ya vichwa vya watu. Kulikuwa na konokono pia. Ndiyo, konokono, wadogo, hai, wakipanda kuta za nyavu zao. Sikuonja. Nihukumuni.

Nikiwa pale masikio yangu yalianza kunichezea. Zeituni wanaziita "aceituna". Sukari ni "azúcar". Kipimo chao cha zamani cha uzito kiliitwa "arroba", karibu kilo 11 na nusu, kutoka neno la Kiarabu lilelile lililotupa sisi "robo". Na hapa wapenzi wa kompyuta shikeni viti: ile alama ya @ kwenye barua pepe, Wahispania wanaiita arroba. Kila mkiandika anwani mnaandika robo! Neno "soko" lenyewe wanalo, kwao ni "zoco". Hakuna muujiza hapo. Waislamu walitawala Sevilla kuanzia mwaka 712 mpaka mfalme Fernando III alipouteka mji mwaka 1248, zaidi ya miaka 500, na lugha ya biashara huwa haiondoki na watawala.

Kutoka miaka hiyo kuna mtu mmoja ambaye ningempa kazi kwenye dawati letu la habari za jiji. Anaitwa Ibn Abdun. Mwanzoni mwa karne ya 12 aliandika kitabu kidogo cha kanuni za kuendesha Sevilla, na sehemu kubwa ni mambo ya sokoni. Mkate uuzwe kwa kupimwa. Samaki asioshwe kwa maji kwa sababu anaharibika upesi, na wa jana asiletwe tena mezani. Muuza mayai aweke mbele yake bakuli la maji ili yai viza lijulikane. Niliposoma hilo la mayai nilicheka peke yangu kama mwehu, maana ndivyo mama anavyopima mayai hadi leo, na hajawahi kumsikia Ibn Abdun. Kulikuwa na ofisa maalumu wa kusimamia haya, muhtasib, na Wakristo walipouchukua mji hawakuifuta kazi hiyo. Waliendelea nayo kwa jina lilelile, wakilitamka "almotacén".

Lakini kanuni nzuri hazishibishi mtu. Mwaka 1521 ngano iliadimika na mkate ukapanda bei kupita uwezo wa watu wa Feria, ambao wengi walikuwa mafundi na wafumaji. Waliingia Omnium Sanctorum, kanisa hilohilo lililobanana na soko, wakatoa bendera ya kijani iliyohifadhiwa humo, ambayo inasemekana ilitekwa vitani kutoka kwa Waislamu. Waliandamana nayo wakidai chakula. Uasi ukazimwa. Mwaka 1652 ukarudi, mtaa uleule, bendera ileile. Safari hii hali ilikuwa mbaya zaidi: miaka mitatu tu kabla, tauni ya 1649 ilikuwa imeua watu wanaokadiriwa kufika 60,000, karibu nusu ya mji, kisha serikali ikaichezea thamani ya sarafu na mkate ukapanda tena. Watu walikamata silaha, wakafungua jela, wakaushika mji kwa siku kadhaa. Wakubwa waliahidi mengi. Baadaye viongozi wa uasi wakauawa.

Haya, tuvuke mto. Ng'ambo ya Guadalquivir kuna Triana, mtaa wa wafinyanzi, na ukimaliza tu daraja la Isabel II lililojengwa mwaka 1852, soko liko mkono wa kulia. Ni zuri kwa macho, majina ya vizimba yameandikwa kwenye vigae vya udongo vya palepale Triana. Sasa angalia chini. Soko hili limekaa juu ya mabaki ya ngome ya San Jorge. Mwaka 1481 ngome hiyo ilikabidhiwa kwa Inkwizisheni, ile mahakama ya Kanisa iliyowasaka waliodaiwa kuwa wazushi, hasa Wayahudi waliobatizwa wakashukiwa kuendelea na dini yao kisirisiri. Mahakama ilikaa humo, ikiacha vipindi ambavyo mafuriko na matatizo mengine yaliitoa, mpaka mwaka 1785. Ngome ikabomolewa, na karne ya 19 soko likawekwa juu yake. Misingi ilifukuliwa soko lilipojengwa upya miaka ya karibuni, na sasa unaweza kushuka uitazame. Juu mtu anakata nyama, chini kuna kuta za mahabusu. Nilishuka, nikakaa dakika kumi, nikapanda kununua machungwa. Sikuwa na la kusema, na mpaka leo sina.

Tuliofundishwa kwamba historia iko makumbusho tumedanganywa kidogo. Hata soko la Arenal, lililojengwa miaka ya 1940 karibu na uwanja wa mapigano ya ng'ombe, lilikalia kiwanja cha jela, na jela yenyewe ilikuwa nyumba ya watawa. Sikukaa sana pale. Vizimba vingi vilikuwa vimefungwa.

Soko lililonifanya niandike yote haya ni la Encarnación, dakika kumi kwa miguu kutoka Feria. Nalo lina watawa katika asili yake. Majeshi ya Napoleon yalipoukalia mji yaliamuru nyumba ya masista wa Encarnación ibomolewe ili pawe na uwanja wa wazi. Baadaye pakajengwa soko kubwa, likazinduliwa mwaka 1842, na kwa zaidi ya miaka mia moja likawa tumbo la Sevilla. Mwaka 1948 sehemu yake ikakatwa kupanua barabara. Mwaka 1973 lililobaki likabomolewa kwa maelezo kwamba limechakaa.

Wafanyabiashara wakahamishiwa kwenye kona ya kiwanja hichohicho. Kwa muda.

Naomba mhesabu pamoja nami. Dikteta Franco alikufa mwaka 1975, soko likiwa la muda. Hispania ikapata katiba mpya mwaka 1978, ikaingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986. Mwaka 1992 Sevilla ikaandaa maonyesho ya dunia, ikajengewa madaraja mapya, ikaletewa treni ya kasi kutoka Madrid, na wauza samaki wa Encarnación walikuwa bado kwenye kona yao. Mwaka 2002 peseta ikatoweka, wakaanza kuhesabu chenji kwa euro palepale konani. Haikuwa kwamba hakuna aliyejaribu. Ulikuwepo mpango wa maegesho ya chini ya ardhi na soko juu yake, ila walipochimba walikutana na mji wa Warumi, nyumba zenye sakafu za michoro ya vijiwe, na kazi ikasimama. Mwaka 2004 mashindano ya usanifu yakamchagua Mjerumani Jürgen Mayer. Ujenzi ulianza mwaka 2005 kwa ahadi ya miaka miwili. Mwishoni mwa 2010 wafanyabiashara waliingia soko jipya, na jengo zima likazinduliwa Machi 2011. Jumla miaka 37.

Mwaka 1973 ukimweka mtoto chini ya meza ya mama yake alale, mwaka 2010 anaingia kizimba kipya akiwa mtu mzima wa miaka 37, pengine na wanawe wanaosoma. Maisha yake yote ni "kwa muda".

Na jengo? Ni paa kubwa la mbao lenye umbo la uyoga, urefu wa mita 150 na upana wa mita 70, wenyeji wanaliita Las Setas, yaani Uyoga. Gharama zilipanda mpaka zikawa karibu mara mbili ya makadirio, na Sevilla nzima iligombana juu yake. Mimi nililipenda, nasema wazi. Chini kabisa kuna makumbusho ya magofu ya Warumi, juu kuna njia ya kutembea angani ambayo unalipia tiketi. Soko liko katikati, usawa wa barabara. Siku niliyokwenda, foleni ya kupanda juu ilikuwa ndefu na wengi waliipita milango ya soko bila kugeuza shingo. Ukumbi una mwanga, mifereji mizuri, barafu ya kutosha kwa samaki. Wateja walikuwa wachache kuliko Feria, wengi wazee, na walitajana na wauzaji kwa majina.

Jambo moja jingine kuhusu uwanja ule. Miezi miwili baada ya uzinduzi, Mei 2011, vijana wasio na ajira waliamka miji mingi ya Hispania wakalala viwanjani. Sevilla walipiga kambi chini ya Uyoga, mbele ya soko. Kutoka hapo mpaka kanisa la bendera ya kijani ni mwendo wa kumaliza soda moja.

Kizimbani kwa mama mmoja muuza samaki, Kihispania changu cha kuombea maji kilinisaidia kumuuliza kama alikuwepo kule konani. Alikuwepo. Alianza akiwa msichana, akimsaidia mama yake. Nilimuuliza waliambiwa itakuwa miaka mingapi. Aliinua vidole viwili, kisha akavipangusa kwenye aproni na kurudi kumparua samaki.

Jioni nilimpigia mama simu nikamsimulia yote, watawa, ngome, miaka 37. Alisikiliza. Aliuliza kama waliokuwa konani walilipishwa ushuru muda wote huo, nikamwambia soko ni soko, mama. Akaguna. Halafu akauliza kilo ya nyanya huko ni shilingi ngapi.