Mfongo na Kamusi Elezo: Kinachowavuta Wanaojitolea Kukusanya Maarifa ya Kiswahili

Katika miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, toka Machame hadi Marangu, Wachagga walichimba kwa vizazi vingi mifereji ya maji waliyoiita mifongo. Maji yalichepushwa kutoka mito ya korongoni, yakapitishwa kandokando ya vilima hadi kwenye vihamba vya migomba. Wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 waliisimulia kwa mshangao. Hata hivyo, ajabu ya mfongo haikuwa katika kuuchimba tu, bali katika kuutunza. Ukoo wa mwanzilishi ulikuwa na mamlaka juu yake. Watumiaji walitoka pamoja kuuzibua. Naye aliyebaki nyumbani siku ya kazi alitozwa faini au kunyimwa zamu yake ya maji. Hapakuwa na mshahara. Lakini haiwezi kusemwa kwamba kazi ile haikuwa na ujira: ujira wake ulikuwa haki ya kuhesabiwa miongoni mwa wenye mfongo.

Mfano huu unafaa kutangulia swali ambalo limewashughulisha wataalamu tangu intaneti ilipoenea: ni nini kinachomfanya mtu mwenye shughuli zake aandike, bila malipo, maarifa yatakayosomwa na watu asiowajua? Swali ni gumu kwa sababu maarifa si maji. Maji yakigawanywa hupungua, maarifa hayapungui. Tena, asiyechangia hawezi kunyimwa zamu ya kusoma. Basi ile adhabu iliyoulinda mfongo haipo. Kinachobaki ni nini?

Kilimanjaro yenyewe ina historia ya kulijibu swali hili. Mapema katika karne ya 20, Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, aliandika habari za watawala wa Kichagga. Miswada yake ilitumiwa na watafiti wa kigeni, akiwamo Kathleen Stahl katika kitabu chake cha historia ya Wachagga cha mwaka 1964. Leo wasomi wengi wanamfahamu Mtui kupitia vitabu vya wengine. Petro Itosi Marealle alipita njia tofauti: mwaka 1947 kilichapishwa kitabu chake, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kwa Kiswahili na kwa jina lake. Kwa kutumia Kiswahili, mila za mlimani zilitoka katika mipaka ya kabila zikaingia katika hazina ya wasomaji wa Afrika Mashariki nzima.

Nusu karne baadaye hazina hiyo ilipata makao mapya. Mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni uliowakaribisha watumiaji kuchangia maneno. Mwaka 2003 ikaanzishwa Wikipedia ya Kiswahili, iliyojiita kamusi elezo huru. Miongoni mwa wachangiaji wake wa mwanzo alikuwa Ndesanjo Macha, mwandishi Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani. Katika kamusi elezo hiyo kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina alilojichagulia mwandishi, au alama nyingine ya kumtambulisha. Kumbukumbu ya aliyefanya kazi, ambayo katika miswada ya zamani ilitegemea hisani ya mchapishaji, sasa ni sehemu ya maandishi yenyewe.

Mwaka 2007 Oded Nov alichapisha utafiti juu ya wachangiaji wa Wikipedia ya Kiingereza. Sababu walizozipa uzito mkubwa zilikuwa furaha ya kazi na imani kwamba maarifa yanapaswa kuwa huru. Kutafuta maendeleo ya kikazi kulikuwa chini. Lakini imani hiyo, ingawa ilitajwa sana, haikuonekana kwenda sambamba na wingi wa saa za kuchangia. Kusadiki jambo ni kitu kimoja. Kushika jembe ni kingine.

Kiswahili kilipata jaribio lake. Kuanzia mwishoni mwa 2009 hadi mapema 2010, kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, likiwalenga wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki. Mamia ya makala yaliongezwa. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa washindani hawakuonekana tena. Haifai kuwalaumu: waliitwa kushindana, wakashindana. Kosa lilikuwa kudhani kwamba aliyealikwa kwa zawadi atabaki kwa mapenzi. Zawadi huweza kuchimba mfongo. Haiwezi kuuzibua kila mwaka. Waliobaki ni wale waliokwisha kuiona kamusi elezo kuwa yao, wakawa na wenzao wa kuwasahihisha, kubishana nao na kuwashukuru.

Limebaki tatizo moja linalowahusu wasomi moja kwa moja. Wikipedia hutaka kila dai litegemee chanzo kilichokwisha kuchapishwa. Mzee wa Kibosho au Old Moshi anayejua zamu za mfongo wa ukoo wake hawezi kuwa chanzo mpaka maneno yake yaandikwe na kuchapishwa mahali pengine. Kijana wa Moshi anaweza kuwa na simu, muda na nia, akakosa cha kunukuu kwa Kiswahili. Nia yake hufa hapo, si kwa uvivu, bali kwa sababu mkondo umekauka huku juu.

Kwa hiyo kuwahimiza vijana wajitolee hakutoshi. Idara za Kiswahili zinapaswa kukusanya masimulizi haya, kuyachapisha kwa Kiswahili, na kuwataja kwa majina waliyoyatoa wakiridhia. Marealle alifanya sehemu ya kazi hiyo mwaka 1947, na mchangiaji wa leo anaweza kumnukuu. Mwenye kuona jina la babu yake katika chanzo hahitaji kuahidiwa zawadi ili aandike sentensi inayofuata.