Chumvi ya Uvinza na Maabara za Kata: Kemia kwa Vitendo katika Historia ya Tabora

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia, ifikapo mwisho wa Novemba 2014. Muda huo baadaye ulisogezwa hadi Juni 2015. Wilaya ya Uyui, yenye makao makuu Isikizya, ilihusika kama wilaya nyingine zote, na utekelezaji ulihesabiwa kwa majengo. Insha hii inajenga hoja kwamba kipimo hicho kilifanya jaribio la kemia lionekane kuwa mali ya jengo, jambo ambalo historia ya eneo lenyewe inalikanusha.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipita Uvinza, karibu na mto Malagarasi. Huko maji ya chemchemi za chumvi yalichemshwa katika vyungu hadi yakakauka, na chumvi iliyobaki ikauzwa mbali. Usumbwa nako, mafundi waliyeyusha mawe yenye chuma kwa mkaa na mivukuto. Majembe yao yalifika sokoni Tabora. Ndani ya tanuri, gesi itokanayo na mkaa ilinyang'anya mawe oksijeni yake, chuma kikabaki. Mhunzi hakuwa mwanakemia, bila shaka: alitafuta jembe, si mlinganyo. Hata hivyo, alichokifanya ndicho kinachoandikwa ubaoni leo.

Ubaoni huandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali huingia Kidato cha Kwanza na kukuta utenganishaji wa michanganyiko kwa lugha nyingine, ingawa TUKI ilikwisha kuchapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Somo hilohilo huweza kufanyika kwa chumvi, mchanga, maji, kitambaa safi na sufuria juu ya jiko: kuyeyusha, kuchuja, kuvukiza. Maji ya choya huwa mekundu yakitiwa ndimu na hugeuka kijani yakitiwa maji ya majivu. Asidi na besi huonekana kabla ya kukaririwa.

Maabara haikwepeki kila mahali. Asidi kali huhitaji hifadhi na hewa ya kutosha, na upimaji wa ujazo huhitaji bureti. Lakini mwanafunzi anayeishika bureti kwa mara ya kwanza majuma machache kabla ya mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne hupimwa ustadi ambao hakufundishwa, hata kama jengo lilikamilika mwaka 2015.